Akaunti Moja kwa Idara Nzima

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa idara katika chuo kikuu kimoja cha magharibi mwa Uganda. Wahadhiri sita pamoja nami tunatumia akaunti moja ya kulipia ya Grammarly kusahihisha barua na ripoti za Kiingereza, na nywila yake imo katika kundi letu la WhatsApp. Msimamizi wa kompyuta ametukataza bila kutueleza sababu. Hatari iko wapi, nasi tufanye nini? — Msomaji, Mbarara

JIBU: Msimamizi wenu ana haki, ingawa ingemgharimu dakika tano tu kuwaeleza. Programu hiyo haisahihishi maandishi ndani ya kompyuta yako, bali huyapeleka kwenye seva za kampuni, yaani kompyuta zake kuu zilizo nje ya Uganda, na hati mnazoziandika humo hubaki katika akaunti hadi mzifute. Kwa hiyo kila mwenye nywila, akiwemo aliyeacha kazi lakini hajaondolewa katika kundi, anaweza kusoma mtihani ambao wanafunzi bado hawajaufanya. Mwaka 2018 mtafiti wa Google aligundua kasoro katika kiendelezi cha Grammarly, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, iliyoziwezesha tovuti alizotembelea mtumiaji kuingia katika akaunti yake na kusoma hati zake. Kampuni iliiziba upesi. Hata hivyo, watu saba wakichangia akaunti, uzembe wa mmoja unaanika kazi za wote.

Njia iliyo salama ni chuo kununua leseni ya taasisi, ili kila mfanyakazi aingie kwa akaunti yake ya chuo, ikiwezekana kwa uthibitisho wa hatua mbili. Hapo nywila inakaguliwa na mfumo wa chuo chenyewe, haifiki kwa kampuni, na mtu akiacha kazi akaunti yake ya chuo hufungwa, asiwe tena na njia ya kuingia. RENU, mtandao unaounganisha vyuo na taasisi za utafiti za Uganda, una shirikisho la utambulisho, yaani mpango wa kumwezesha mtu kuingia katika huduma mbalimbali kwa akaunti ya chuo chake, linalorahisisha kazi kama hii. Muulizeni msimamizi kama chuo chenu kimejiunga.

Leseni haimalizi yote. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka taarifa binafsi zinazopelekwa nje ya Uganda ziende kwenye nchi yenye ulinzi unaolingana na wetu, au mhusika awe ameridhia. Kwa sababu hiyo, barua za nidhamu, matokeo ya wanafunzi na taarifa za ugonjwa zisipitishwe humo kabisa, na kiendelezi kizimwe katika kurasa za kuingizia alama, kwani husoma kinachoandikwa katika visanduku vya kurasa. Barua za Kiswahili nazo hazifaidiki: Grammarly haikijui Kiswahili, nawe utasahihishiwa maneno yasiyo na kosa. Kwa hizo itumieni kamusi ya Kiswahili ya LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia hati, inayokagua tahajia ndani ya kompyuta yenyewe.

Leo hii badilisheni nywila, msiiweke tena katika kundi, na mzifute hati za mitihani zilizobaki katika akaunti.