Sketi iliyofichwa uvunguni

Jumamosi moja nikifagia chumba cha watoto nilikuta beseni uvunguni mwa kitanda. Ndani yake binti yangu alikuwa ameloweka sketi ya shule, maji yamegeuka rangi ya kutu. Alikuwa na miaka 11. Nilipomwita akasimama mlangoni, macho chini: "Mama, mimi ni mgonjwa?" Siku tatu nzima alijisitiri kwa kipande cha kanga kuukuu, akiamini kuna kitu kimepasuka tumboni.

Niliumia sana. Mimi nilikulia Tanga, na nilipovunja ungo somo yangu alikuwepo kunifunda: kujisitiri, kufua, kuhesabu siku. Mama hakusema neno, kwa sababu kazi ile haikuwa yake. Sasa tunaishi Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga. Somo hayupo, shangazi yuko mbali, nami nilikaa kimya vilevile kama mama, nikisema moyoni bado mdogo.

Mzazi mwenzangu, usingoje. Wapo wanaovunja ungo wakiwa na miaka 9 au 10. Mwanao akifika miaka 8, mwoneshe pedi, mfunze inavyovaliwa, mwambie damu hiyo si ugonjwa. Mvulana naye aambiwe habari za ndoto nyevu kabla hajaamka na shuka limelowa, akaona aibu.

Na majina ya viungo yatajwe tangu utotoni: uke, uume. Anayewadhuru watoto mara nyingi ni mtu wanayemjua, na mtoto aliyezoeshwa kusema "kidude" atakueleza vipi alichofanyiwa? Akikueleza, msikilize bila kumfokea. Hapa Tanzania namba 116, Simu kwa Mtoto, hupigwa bure.

Kama hujui uanzie wapi, mimi nilianzia kwenye chanjo ya HPV, inayopendekezwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Aliuliza inazuia nini. Nikamjibu: virusi vya HPV, vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Vinaambukizwaje? Hapo nilimeza mate, kisha nikamweleza kujamiiana ni nini, kwa maneno machache ya kweli. Hakushtuka. Aliuliza maswali mawili, akarudi kucheza rede.

Juzi mdogo wake wa kiume, tukimenya vitunguu jikoni, aliuliza pedi ni za nini. Kabla sijafungua mdomo, dada yake alishaanza kumweleza.