Kulinda Sasipensheni Gari Linaponyanyuliwa kwa Matengenezo

Magari mengi huingia gereji kwa kazi ndogo, kama vile kubadilisha pedi za breki au mpira wa sivii jointi (kiungo cha shafti inayozungusha tairi), kisha hutoka na mlio ambao hayakuja nao. Mwenye gari hudhani kuwa amewekewa kipuri kibovu, na fundi naye huanza kukitafuta kipuri hicho, ilhali mara nyingi chanzo ni jinsi gari lilivyonyanyuliwa na kufungwa. Kwako wewe unayeanza kazi hii, ningependa ulielewe jambo hili mapema, kwa sababu usalama wa jeki na stendi hufundishwa kila mahali, lakini usalama wa bushi (viungo vya mpira vya mikono ya sasipensheni) na boljointi (kiungo cha duara kinachounganisha mkono na kitovu cha tairi) gari likiwa juu hufundishwa kwa nadra.

Gari linaponyanyuliwa kwa bodi au chasisi, uzito hutoka kwenye tairi, springi hutanuka, na mikono ya sasipensheni, yaani vyuma vinavyoishikilia tairi kwenye chasisi, hushuka hadi kufikia kikomo, ambacho katika magari mengi huwekwa na shokapu yenyewe. Hali hiyo peke yake haiharibu kitu, kwani mtengenezaji aliitarajia. Madhara huanza unapokifungua kile kilichokuwa kikizuia mkono usishuke zaidi, au unapokaza bolti huku tairi likiwa bado linaning'inia.

Hili la pili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Bushi ya kawaida ya mkono wa chini ina bomba la chuma ndani, bomba jingine nje, na mpira ulioshikamanishwa na yote mawili. Ukikaza bolti, bomba la ndani hubanwa na mabano ya chasisi lisizunguke tena, na kuanzia hapo kila mkono unapopanda au kushuka, kinachojipinda ni mpira. Kwa hiyo, mahali mkono ulipokuwa wakati wa kukaza ndipo mpira unapopahesabu kuwa mahali pake pa kupumzika. Ukikaza mkono ukiwa umeshuka hadi mwisho, gari likitua chini mpira utakuwa umepindwa hata likiwa limeegeshwa tu, na kila shimo la barabarani litauongezea mpindo juu ya ule uliokwishakuwapo. Ukiichunguza kwa tochi bushi iliyoharibika kwa njia hii, mara nyingi utaona mpira umechanika kwa kulizunguka bomba la ndani, ingawa sehemu nyingine za mpira huo bado zina sura ya upya. Bushi za polyurethane ambazo bomba lake la ndani huzunguka kwa uhuru hazina tabia hii, lakini magari mengi utakayoyashika yana mpira ulioshikamana.

Dawa yake haihitaji mashine ya gharama. Kabla ya kunyanyua, gari likiwa kwenye sakafu iliyo sawa, pima kwa futi kamba umbali kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake, kisha uandike namba hiyo, kwa mfano milimita 390. Ukimaliza kufunga vipuri, acha bolti za bushi zikiwa zimeshikwa kwa mkono tu, weka jeki chini ya kitovu cha tairi au chini ya mkono karibu na boljointi, ukiweka ubao katikati, na upandishe taratibu hadi umbali huo urudi kuwa ule ulioandika. Hapo ndipo utakapokaza kwa toki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Macho yasitoke kwenye stendi, kwa sababu gari lisilo na uzito wa kutosha laweza kuanza kuinuka juu yake kabla springi haijabanwa hadi kipimo. Likianza kuinuka, shusha jeki na ukaze gari likiwa kwenye rampu au kwenye lifti ya kupandia kwa tairi.

Kuhusu sehemu za kunyanyulia, fuata mchoro wa mtengenezaji. Usinyanyue gari zima kwa mkono wa bati au wa alumini, kwa taidrodi (fimbo ya usukani inayogeuza tairi), wala kwa fimbo ya stabilaiza (inayozuia bodi isilalie upande kwenye kona); taidrodi iliyopinda kidogo haionekani kwa macho, bali hujitokeza baadaye kwa tairi kuliwa upande mmoja. Ukitumia jeki ya magurudumu, hakikisha magurudumu yake yanaweza kusogea, maana mkono wa jeki hupanda kwa mviringo, na jeki ikikwama kwenye ufa wa sakafu hulivuta gari pembeni.

Ukifungua shokapu au boljointi, tegemeza kwanza kitovu cha tairi. Kitovu kisichotegemezwa hulalia nje, na kwa gari linalovutwa na tairi za mbele, jointi ya ndani ya shafti yaweza kuchomoka ikiwa bado ndani ya mpira wake, usijue hadi gari litakapoanza kutikisika. Hozi ya breki na waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge wakati wa kufunga breki) navyo havikuumbwa kubeba uzito. Kalipa (sehemu inayobana pedi za breki) ifungwe kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye hozi hata kwa dakika chache, kwa kuwa hozi huweza kuumia ndani huku nje ikiwa nzima. Ekseli nzima ya nyuma ikifunguliwa shokapu zote mbili bila jeki chini yake, springi zaweza kudondoka, na pale hakuna wa kulaumiwa ila aliyefungua.

Linki za stabilaiza zitoe pande zote mbili zikiwa juu kwa usawa. Upande mmoja ukiwa chini, fimbo huwa imejipinda na bolti haitoki bila kupigwa.

Gari lenye sasipensheni ya hewa liwekwe kwanza kwenye hali ya jeki kama kitabu kinavyoelekeza. Bila hivyo, kompyuta yake huona gari limepanda mno na huanza kutoa hewa kwenye mifuko. Gari likishushwa juu ya mifuko isiyo na hewa, mpira wake hujikunja vibaya na kuchanika. Ukishusha, jaza hewa kabla uzito wote haujatua.

Gari likigusa sakafu, tairi huwa zimesimama zikielekea kuingia ndani na bodi huonekana iko juu kuliko kawaida, kwa kuwa mpira wa tairi umeshika sakafu na kuzuia mikono isifunguke. Lisukume mbele na nyuma mita chache, bonyeza kila kona mara kadhaa, kisha pima tena ule umbali wa madigadi. Usipeleke gari kwenye alaimenti (kupima na kurekebisha pembe za tairi) kabla namba hiyo haijakaribia ile uliyoiandika, kwani vipimo vitakavyosomwa vitakuwa vya gari lililosimama vibaya.