Re: Bumu limeingia, pesa ya vitabu haimo

Habari mdogo wangu. Nimekuelewa: uko mwaka wa pili wa chuo hapa Malimbe, Mwanza, bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) limeingia, ya chakula na malazi umepata, ya vitabu na viandikio hujaiona, na mwalimu keshawataka muwe na kitabu.

Kabla hujaenda kupanga foleni ofisini, fungua akaunti yako ya SIPA, ile ya mtandaoni ya Bodi ya Mikopo (HESLB), uangalie mchanganuo wa mkopo, kipengele kwa kipengele. Bodi hugawa kwa vipengele, kwa hiyo unaweza kupata chakula chote na vitabu ukawekewa kidogo au sifuri. Na usichanganye: kilichopanda mwaka 2022/23 ni chakula na malazi, kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Wengi walidhani na vitabu vimepanda.

Ukikuta umepangiwa pesa ya vitabu, swali ni moja: ulisaini kuipokea? Mimi mwaka wangu nilisaini chakula nikaondoka zangu, kumbe orodha ya vitabu ililetwa siku nyingine. Nilishtuka wiki ya tatu. Pesa isiyosainiwa hurudishwa Bodi, na kuifuatilia huko kunachosha kweli. Nenda kwa afisa mikopo wa chuo leo, na namba yako ya kidato cha nne mkononi, maana ndiyo wanayokutafutia.

Ukikuta sifuri, subiri Bodi ifungue dirisha la rufaa, yaani muda wa kuomba wakufikirie upya, weka vielelezo vya hali ya nyumbani.

Kitabu chenyewe kisikusubirishe. Sisi tulichanga watu wanne tukanunua kimoja, tukapeana zamu. Pitia pia maktaba ya mkoa pale mjini. Nauli ya daladala ni nafuu kuliko kutoa kopi kitabu kizima.