Ukimwambia "Kaa golini", atakaa chini

Mtoto wa miaka mitano anafika kwenye mazoezi ya mpira wa miguu mara ya kwanza akiwa na Kiswahili cha nyumbani tu, cha uwanjani hajakisikia. Kocha akipaza sauti "Kaa golini!", anakwenda golini, anakaa kitako, ananyoosha miguu na kuanza kuchota mchanga. Ametii. "Funga!" akiwa peke yake mbele ya goli, anainama kuhangaika na kamba za viatu. "Toa!" anauokota mpira kwa mikono miwili na kumpelekea mama yake pale kwenye kivuli. "Rudi nyuma!" anarudi kinyumenyume mpaka anakanyaga koni na kuanguka. "Mkabe!" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mtoto anajua kukaba ni kushika shingo, na hapo mnapata vilio viwili kwa mpigo.

Watu wa pembeni wanacheka mpaka machozi, na wana haki, ila dawa yake ni kubadili maneno. Badala ya "kaa golini", mwambie "simama katikati ya miti hii miwili". "Mkabe" iwe "mnyang'anye mpira kwa mguu". "Funga" iwe "upige uingie kule kwenye kanga". "Rudi" iwe "geuka, kimbia mpaka kwenye lile jiwe". Mpe amri moja tu, kisha nyamaza. Na itamke mpira ukiwa umesimama, maana ukishaanza kuviringika mtoto wa umri huo hasikii mtu, hata ukiita jina lake mara tatu.

Hiyo kanga si mzaha. Tundika kanga yenye rangi kali kwenye goli analotakiwa kufunga, halafu msibadilishane magoli baada ya mapumziko. Kwenye mechi za wakubwa timu zinabadilishana, lakini kwa watoto chini ya miaka sita kubadilishana ndiko kunakoleta yale magoli ya kujifunga ambayo mfungaji anayashangilia kwa kuvua jezi na kuzunguka uwanja mzima. Akijifunga, muache ashangilie. Mpira alioupiga kwa nguvu ukaenda alikoelekeza ni hatua, upande utajulikana baadaye.

Jambo la pili litakalokuchekesha ni siafu. Watoto wote kumi, pamoja na makipa, wanauzunguka mpira mmoja kama siafu kwenye mfupa, vumbi linapanda, mpira hauonekani. Kupiga kelele "tawanyikeni!" hakusaidii. Kwa mtoto wa miaka mitano mpira ule ni wake, na wewe unamwambia aondoke kwenye mali yake. Wapunguze: wanne kwa wanne, bila kipa, uwanja wa hatua 30 kwa 20, goli lenye upana wa hatua mbili lililowekwa kwa koni au hata kwa ndala. Siku ya mechi, vipindi vinne vya dakika nane vinatosha. Siku ya mazoezi, robo tatu ya muda kila mtoto awe na mpira wake.

Na kabla ya mechi wachezeshe mikia. Chana kitenge kikuukuu vipande vya urefu wa mkono wa mtoto, kila mmoja achomeke kimoja nyuma ya bukta, kining'inie kama mkia. Kazi ni kunyakua mikia ya wenzako bila kupoteza wako. Kwa dakika tano wanainua macho, wanakwepa, wanatafuta penye nafasi, na hakuna aliyewaambia neno "nafasi". Ukishazoeleka, waongezee mpira miguuni.

Mpira wenyewe uwe namba tatu. Namba imeandikwa karibu na tundu la upepo. Wauzaji wengi Kariakoo watakupa namba tano kwa sababu ndiyo inayotoka sana, wakikwambia atakua nao. Namba tano ina uzito wa gramu 410 hadi 450, inamfika mtoto karibu na goti, na akiupiga vizuri ni yeye anayeanguka. Mipira ya dukani pia hujazwa ukawa kama jiwe. Bonyeza kwa dole gumba: ukibonyea kidogo ni sawa, usipobonyea kabisa punguza upepo. Lowanisha sindano ya pampu kwa maji kabla ya kuichomeka, la sivyo utachana tundu na mpira utakuwa unalala kila usiku.

Njumu hazina haraka. Kwenye uwanja wa mchanga au udongo, raba za kawaida zinatosha. Ukinunua za mitumba pale soko la Karume, nenda na mtoto, avae akiwa na soksi nene, kidole chako kipite nyuma ya kisigino akiwa amesimama. Zikizidi hapo ataacha kiatu kimoja uwanjani, na kiatu huwa kinakwenda mbali kuliko mpira. Vikinga ugoko huvaliwa kwanza, soksi juu yake, kiatu mwisho. Watoto wengi huvifunga nyuma kwenye misuli, wengine huvitia kichwani.

Bukta iwe ya lastiki. Kamba ya bukta ikifungwa fundo na mtoto mwenyewe haifunguki, na mkojo wa mtoto hausubiri mapumziko. Mpeleke chooni kabla hajavaa vikinga, hata kama amekuapia kwamba hana.

Rangi za vizibao vya kutofautisha timu nazo ni siasa. Hapa Dar, mtoto aliyelelewa kwenye nyumba ya Yanga akipewa kizibao chekundu anaweza kukaa chini na kugoma, na wa Simba atafanya hivyohivyo kwa cha kijani au cha njano. Nunua za zambarau na za machungwa, uepukane na kesi.

Mazoezi yaanze saa 1 asubuhi na yasizidi dakika 45. Kuanzia Desemba mpaka Machi, ikifika saa 3 jua la Dar linachoma, na uwanja wa nyasi bandia kama ule wa Kidongo Chekundu unakuwa na joto kuliko hewa yenyewe. Chai na chapati mbili saa moja kabla ya kukimbia zitarudi zilikotoka. Ndizi moja inatosha, kifungua kinywa kamili baadaye. Chupa ya nusu lita itiwe maji nusu, igandishwe usiku, ijazwe maji asubuhi, na anywe mafunda matatu kila dakika kumi bila kusubiri aseme ana kiu.

Akilia asitake kuingia, usimsukume. Mpe kazi ya kubeba koni au kushika filimbi ya akiba. Mara nyingi siku ya kwanza anabeba, ya pili anasogea mwenyewe, ya tatu mnamuita hataki kutoka. Wazazi wa pembeni wapewe sheria moja: kupiga makofi ruksa, kufundisha hapana. Baba mmoja akipiga kelele "piga!" na mama mwingine "toa pasi!", mtoto anasimama katikati akiwatazama kwa zamu, na mpira unapita.

Mkimaliza, kabla hamjaondoka, fungua begi lake. Kocha atakuwa anahesabu koni na moja haionekani. Mara nyingi imo humo, pamoja na mikia mitatu ya wenzake, jiwe moja na soksi ya mtoto mwingine.