Ukiserereka kutoka Lushoto hadi Mombo, nishati inaishia wapi?

Mkuu, umeuliza: kama nishati haipotei, mbona ukishuka Lushoto hadi Mombo bila kupiga pedali unafika chini na spidi ya kawaida tu? Hapa Tanga mjini hilo halionekani, kote tambarare. Ila barabara ile naijua, nimeshuka nayo na kabichi nyuma kabla sijaingia kwenye ufundi baiskeli, kwa hiyo tupige hesabu ya huko huko.

Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo kama 400. Tofauti ni mita 1,000. Wewe, baiskeli na mzigo tuseme kilo 100. Nishati tuli, yaani ile ya kuwa juu, ni kilo 100 × 10 (nguvu ya mvuto wa dunia kwa kila kilo) × mita 1,000: juli milioni moja (juli ni kipimo cha nishati). Na si ya bure, miguu yako au injini ya basi iliilipia wakati wa kupanda.

Ingegeuka yote kuwa nishati mwendo, ungeingia Mombo na kilomita 500 kwa saa. Kichekesho! Unaingia na 40 hivi, na hesabu ya spidi hiyo ni kama juli 6,200. Hicho ni kimo cha mita 6 tu, mnazi mfupi. Mita 994 zilizobaki zimegeuka joto kwenye hewa, matairi na breki. Juli milioni moja zinatosha kuchemsha lita 3 za maji.

Huamini? Ukiwa na mzigo, simama ukishamaliza zile kona kali, dondoshea maji kwenye rimu. Yanalia chwii na kukauka hapo hapo, na raba za breki zimelainika zinaacha weusi kidoleni. Ndiyo maana madereva wa malori ya mboga husema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia: injini inabeba sehemu ya kazi, breki zisichemke zikaacha kushika.

Kuna mwenzetu kasema mtu mzito hushuka haraka kwa kuwa anavutwa zaidi. Kuvutwa anavutwa zaidi, lakini pia ni mgumu zaidi kusukumwa, hivyo uzito unajifuta kwenye hesabu. Kinachomtofautisha ni upepo: kilo zikiongezeka maradufu, kifua kinachokata hewa hakiongezeki maradufu. Kwa hiyo jibu lake sahihi, sababu siyo.

Usisahau na hili, spidi ikizidi mara mbili, nishati mwendo inazidi mara nne, na umbali wa kusimama baada ya kubana breki vivyo hivyo. Mimi kwenye mteremko ule sisubiri spidi ipande ndipo nibane. Napunguza mapema kabla ya kona, nikiona raba zinanuka napaki pembeni zipoe, na zikibaki nyembamba nabadilisha Lushoto kabla ya kushuka, si Mombo.