Nafasi zilizotengwa kwa misingi ya kasti nchini India: ya kushika kabla hujafungua hukumu ya kwanza

Anayeanza kusoma sheria ya utengaji wa nafasi nchini India, yaani kuyawekea makundi yaliyoachwa nyuma sehemu ya nafasi za vyuo, kazi za serikali na viti vya bunge, kwa kawaida huingilia mlango usiofaa. Hukimbilia mjadala wa kama mfumo wenyewe ni wa haki. Mjadala huo ni mzito na unastahili muda wako, ila kesi nyingi hazikuamuliwa hapo. Zimeamuliwa kwenye maswali makavu: mtu huyu yumo kwenye orodha ipi, serikali imesimamia ibara ndogo ipi, takwimu zake ziko wapi, na hesabu ya nafasi imepigwaje. Anayeyajua manne hayo anaweza kusoma hukumu ya kurasa mia kadhaa bila kupotea. Asiyeyajua atabaki na kauli za jumla, na mtihani haumpi mtu alama kwa kauli za jumla.

Hata hivyo usisahau jambo lilikotoka. Mwaka 1927 B. R. Ambedkar aliwaongoza watu wa kasti (matabaka ya kuzaliwa) zilizoitwa najisi kwenda kunywa maji katika bwawa la umma la Mahad, maji ambayo walikuwa wakizuiwa kuyagusa. Baadaye alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba iliyoanza kutumika 26 Januari 1950, na Ibara ya 17 ya katiba hiyo inafuta unajisi wa watu na kuufanya kosa. Usome hivyo mfumo huu: unawahusu watu walionyimwa kisima, hekalu na darasa kwa sababu ya mahali walipozaliwa.

Kuna makundi, na kila kundi lina orodha yake. Kasti Zilizoorodheshwa, zinazofupishwa SC, zinatajwa kwa amri ya rais chini ya Ibara ya 341. Makabila Yaliyoorodheshwa, ST, yako chini ya Ibara ya 342. Orodha hizo mbili zikishatangazwa, Bunge peke yake ndilo lenye mamlaka ya kuongeza au kuondoa jina. Mahakama haziwezi kusikiliza ushahidi kwamba kundi fulani lilikusudiwa ingawa halikutajwa. Hilo lilikaziwa katika State of Maharashtra v. Milind. Kundi la tatu, matabaka mengine yaliyoachwa nyuma, OBC, lina orodha ya serikali kuu na orodha za majimbo, na mtu anaweza kuwemo katika moja akakosekana katika nyingine. Wanafunzi wengi hujikwaa hapo. Mwombaji analeta cheti cha jimbo kwenye ajira ya serikali kuu, anakataliwa, naye anadhani ameonewa. Hakuonewa, ameleta cheti cha orodha isiyohusika.

Mfano ulio karibu nasi ni Wasidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, wengi wao wakiwa wametokana na watu waliovushwa kutoka pwani yetu ya mashariki. Katika jimbo la Gujarat, Wasidi wametajwa kama ST, lakini kwa wilaya za eneo la Saurashtra tu, kama Junagadh, Jamnagar na Rajkot. Katika jimbo la Karnataka, wa wilaya ya Uttara Kannada waliingizwa orodhani 2003. Maana yake ni kwamba watu wawili wa ukoo mmoja wanaweza kuwa na hadhi tofauti kisheria kwa sababu ya mpaka wa wilaya. Wasidi wa Gujarat pia wanafundisha jambo jingine. Wengi wao ni Waislamu, na hilo haliwaondoi, kwa kuwa orodha ya ST haina sharti la dini. Orodha ya SC inalo: amri ya 1950 ilianza na Wahindu pamoja na kasti nne tu za Masingasinga, Masingasinga kwa ujumla wakaongezwa 1956, Wabudha 1990. Waislamu na Wakristo wenye asili ya kasti zilezile bado wako nje, na huo ni mmoja wa migogoro mikali ya fani hii.

Hadhi hiyo kwa kawaida haihami na mtu. Aliye SC katika jimbo moja akihamia jingine hadai nafasi za SC za huko, hata kama jina la kasti yake limo katika orodha ya jimbo hilo pia (Marri Chandra Shekhar Rao, 1990). Wala ndoa haimpi mtu hadhi ya mwenzi wake (Valsamma Paul, 1996).

Sasa ibara. Kuingia shule na vyuo kunasimamiwa na Ibara ya 15(4), na 15(5) iliyoongezwa 2005 ili kugusa hata vyuo binafsi. Ajira ya serikali ni 16(4). Kupanda cheo ni 16(4A). Viti vya Bunge la chini na mabaraza ya majimbo ni 330 na 332, na hivyo ni kwa SC na ST tu. Soma maneno yenyewe taratibu. Ibara ya 15(4) inazungumzia matabaka yaliyo nyuma kijamii na kielimu. Ibara ya 16(4) inaweka sharti la ziada: tabaka husika liwe haliwakilishwi vya kutosha katika utumishi wa serikali. Anayejibu swali la ajira kwa maneno ya 15(4) amekwisha kuiacha njia.

Tena ibara ndogo hizo za 15 na 16 zinairuhusu serikali kutenda, haziilazimishi. Mwaka 2020, katika Mukesh Kumar v. State of Uttarakhand, Mahakama ya Juu ilisema hakuna haki ya msingi ya kudai nafasi zitengwe, na mahakama haiwezi kuiamuru serikali izitenge. Kwa msomaji wa Kenya tofauti hii ni muhimu sana. Ibara ya 27(6) ya Katiba ya 2010 inaitaka Serikali ichukue hatua za kuwainua waliobaguliwa zamani. Ukiziweka kwenye insha moja, usinukuu hukumu ya India kana kwamba wajibu ni uleule.

Historia fupi inatosha. Mwaka 1951, katika Champakam Dorairajan, mahakama ilifuta mgawanyo wa nafasi za vyuo kwa jamii huko Madras. Mwaka huohuo Bunge likaongeza 15(4). Mwendo huu wa hukumu kufuatwa na marekebisho ya katiba utauona tena na tena, kwa hiyo kila ukisoma hukumu, uliza ni marekebisho gani yalikuja baada yake. Kisha hukumu ya Balaji ikabatilisha utengaji wa asilimia 68 wa jimbo la Mysore na kusema kiwango kiwe chini ya nusu. Ripoti ya tume ya Mandal, iliyoundwa na serikali kuchunguza matabaka yaliyoachwa nyuma, ilikamilika mwishoni mwa 1980. Ilikadiria OBC kuwa asilimia 52 ya watu, ikitegemea sensa ya 1931 kwa kuwa ndiyo ya mwisho kuhesabu kasti zote. Kwa nini basi ilipendekeza 27? Kwa sababu SC walikuwa na 15 na ST 7.5, jumla 22.5, ukiongeza 27 unapata 49.5, chini ya 50 kwa 0.5 tu. Namba 27 ilipimwa kwa dari ya mahakama, si kwa idadi ya watu.

Serikali ya waziri mkuu V. P. Singh ilitangaza asilimia hiyo Agosti 1990, nchi ikawaka moto, na tarehe 16 Novemba 1992 jopo la majaji 9 likatoa hukumu ya Indra Sawhney. Hiyo ndiyo nguzo. Usiisome kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Anza na maoni ya Jaji Jeevan Reddy, aliyeandika kwa niaba ya majaji wanne, kisha uone Pandian na Sawant walikubaliana naye wapi, ndipo uwafikie watatu waliopinga. Yaliyotoka humo: asilimia 27 ni halali, 16(4) ni sehemu ya usawa na haivunji usawa, walioinuka ndani ya OBC, wanaoitwa tabaka la malai, waondolewe, dari ni asilimia 50 isipokuwa kwa hali isiyo ya kawaida, hakuna utengaji katika kupanda cheo, na asilimia 10 kwa umaskini peke yake ni batili. Hayo mawili ya mwisho yamebadilishwa kwa marekebisho: kupanda cheo na Marekebisho ya 77 ya 1995, umaskini na Marekebisho ya 103 ya 2019.

Tabaka la malai linawapotosha wengi, kwa hiyo tulia hapa. Kikomo cha mapato tangu 2017 ni rupia 800,000 kwa mwaka. Mgeni huona namba hiyo akadhani kazi imekwisha. Kwa OBC kinachopimwa ni hadhi ya wazazi, na mapato ya mwombaji mwenyewe hayaingii. Kwanza unatazama cheo: mzazi akiwa ofisa wa Kundi A (ngazi ya juu ya utumishi wa serikali) aliyeajiriwa humo moja kwa moja bila kupandishwa cheo, mtoto yuko nje hata mapato yawe madogo. Kipimo cha mapato kikifika, mshahara na mapato ya kilimo haviingizwi, na kikomo lazima kiwe kimevukwa miaka mitatu mfululizo. Sasa tazama EWS, wale maskini wasio katika SC, ST wala OBC, wanaotengewa asilimia 10. Kikomo ni rupia 800,000 zilezile, lakini mshahara na kilimo vinaingia, mapato ni ya familia nzima akiwemo mwombaji, na ni ya mwaka mmoja uliotangulia. Isitoshe, familia ikiwa na ekari 5 za shamba au nyumba ya futi za mraba 1,000, imetoka hata ikiwa na mapato kidogo. Namba ni moja, hesabu ni mbili. Anayezichanganya humpa mteja ushauri utakaomkosesha nafasi ya chuo.

Kuhusu takwimu. M. Nagaraj (2006) ilikubali 16(4A) kwa masharti: serikali inayotaka kutenga nafasi za kupanda cheo ionyeshe kwa takwimu kwamba kundi liko nyuma, haliwakilishwi vya kutosha, na ufanisi hautaharibika. Jarnail Singh (2018) iliondoa sharti la kwanza kwa SC na ST, kwa kuwa kuwemo orodhani kwenyewe ni ushahidi. Hukumu ya pili ya Jarnail Singh, ya 2022, ikaongeza kwamba uwakilishi upimwe ndani ya kada husika. Serikali ikileta idadi ya SC katika wizara nzima kutetea cheo cha kada moja, inashindwa, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Hesabu ya nafasi hufundishwa kidogo sana darasani, nayo ndiyo inayoamua nani anapata kazi. Nafasi hupangwa kwenye jedwali la zamu. La serikali kuu kwa ajira za ushindani wa nchi nzima lina zamu 200: SC 30, ST 15, OBC 54, EWS 20, na 81 za wazi, zinazogombewa na wote. Gawa 100 kwa 27 upate 3.7, hivyo OBC wa kwanza yuko zamu ya 4. Gawa 100 kwa 15 upate 6.67, SC wa kwanza ni wa 7. Gawa 100 kwa 7.5 upate 13.33, ST wa kwanza ni wa 14. Idara yenye walimu 3 haimfikii yeyote kati yao katika ajira za kwanza. Sasa utaelewa kwa nini vyuo vikuu vya India viligombana vikali juu ya swali linaloonekana dogo: zamu zihesabiwe kwa idara au kwa chuo kizima? Mahakama ilikuwa imekubali idara. Sheria ya 2019 ikarudisha chuo kizima.

Tofautisha pia utengaji wa wima (SC, ST, OBC, EWS) na wa mlalo (wanawake, watu wenye ulemavu) unaokata ndani ya kila safu. Tuseme SC wana nafasi 20, na wanawake wanatengewa asilimia 30, yaani 6. Kwanza waondoe SC waliofaulu kwa alama za wazi. Hao hawahesabiwi kwenye 20. Kisha panga SC 20 wanaofuata kwa alama. Ukikuta wanawake 4, teremka uchukue wanawake 2 wanaofuata na uwatoe wanaume 2 wa mwisho. Ukikuta 6 au zaidi, usiguse kitu. Kosa la kawaida ni kuongeza wanawake 6 juu ya wale waliokwisha kuingia. Na kosa lililo baya zaidi, lililosahihishwa na Saurav Yadav (2020), ni kumzuia mwanamke wa OBC au SC kushika nafasi ya wazi ya wanawake ilhali ana alama za juu.

Dari ya 50 bado inauma. Mwaka 2021 nafasi za Wamaratha, jamii kubwa ya jimbo la Maharashtra, zilifutwa. Jimbo la Bihar lilihesabu kasti zake 2023, ikapandisha kiwango hadi 65, na Mahakama Kuu ya Patna ikakifuta Juni 2024. Tamil Nadu ina 69 kwa kuwa sheria yake iliwekwa mwaka 1994 katika Jedwali la Tisa la katiba, orodha ya sheria zinazokingwa dhidi ya kubatilishwa kwa kukiuka haki za msingi. Kwa upande mwingine, Janhit Abhiyan (2022) ilipitisha EWS kwa majaji 3 dhidi ya 2, ikasema dari inahusu makundi ya zamani. Jumla ya serikali kuu sasa ni 59.5. Mimi naona hoja ya wale wawili waliopinga ina nguvu, kwa sababu mpango wa EWS unawakataza maskini wa SC, ST na OBC kuingia kundi la maskini. Isome kwa makini hata kama hukubaliani nayo.

Mwisho wa orodha yako ya kusoma uwe Davinder Singh, 1 Agosti 2024, majaji 7, sita kwa mmoja. Inaruhusu majimbo kugawa SC ndani kwa ndani ili kasti zilizo chini kabisa zisimezwe na zile zilizotangulia, na inatengua E. V. Chinnaiah ya 2004. Sharti: jimbo liwe na takwimu, na lisiipe kasti moja nafasi zote. Majaji wanne kati ya sita walisema pia kwamba tabaka la malai litambuliwe na kuondolewa hata ndani ya SC na ST, lakini hilo halikuwa swali lililoletwa mbele yao. Ukiandika kwamba leo mtoto wa ofisa wa SC amezuiwa kuomba nafasi ya chuo ya SC, utakuwa umechukua maoni ya majaji wanne ukayafanya amri.