Step 1 imekaribia na utafiti haujaisha: makala 20 zinatoka wapi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Niko mwaka wa pili wa shule ya udaktari hapa Marekani na nia yangu ni upasuaji wa ubongo. Nafanya Step 1, ule mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari wa Marekani (USMLE), baada ya wiki kumi. Nina miradi mitatu ya utafiti: mmoja wa maabara, mmoja wa kupitia mafaili ya wagonjwa ambao bado unasubiri kibali cha kamati ya maadili, na makala moja tuliyokwisha kuituma kwenye jarida. Wenzangu wanasema bila makala 20 nisahau upasuaji wa ubongo. Halafu kuna mtu amenitumia ujumbe kwamba naweza kulipia jina langu liingizwe kwenye makala zilizo tayari. Nigawanyeje muda?

JIBU: Marahaba. Kugawanya muda ndiyo sehemu nyepesi ya swali lako, tuimalize kwanza. Makala iliyoko kwenye jarida haikudai kitu mpaka wahakiki wajibu, na mara nyingi hiyo ni kazi ya miezi. Mradi wa mafaili unangoja kibali, uache ungoje. Unaokula saa zako ni ule wa maabara, maana seli hazina habari na mtihani wako, zinataka kulishwa Jumamosi sawasawa na Jumatatu. Mwandikie msimamizi wako wiki hii. Mpe tarehe ya kusimama na tarehe ya kurudi, na umkabidhi mtu daftari lililoandikwa vizuri. Usimwahidi “saa moja kila jioni”. Saa hiyo huzaa baruapepe, baruapepe huzaa mkutano, na benki ya maswali ya mazoezi ya mtihani inalala bila kuguswa.

Sasa hiyo 20. Kila mwaka wanafunzi huniletea namba hii wakiwa wamekondeana kwa hofu, na karibu wote hawajasoma jedwali lenyewe. Inatoka kwenye ripoti za NRMP, shirika linaloendesha ule mchujo wa kuwapangia madaktari nafasi za rezidensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini. Ni kweli kwamba katika ripoti ya mwaka 2022, wahitimu wa shule za Marekani waliopata upasuaji wa ubongo walikuwa na wastani unaozidi 20. Lakini safu hiyo haihesabu makala! Inajumlisha ikisiri, mawasilisho na machapisho, vyote kwenye kapu moja. Utafiti mmoja ukitoa ikisiri, bango kwenye mkutano, hotuba chuoni na makala jaridani, umeshakuwa vitu vinne. Isitoshe, ni wastani, na wastani huvutwa juu na wachache waliochukua mwaka mzima wa utafiti au walioingia wakiwa na shahada ya uzamivu. Kwa hiyo miradi yako mitatu, ukiifikisha mwisho, ina uzito kuliko unavyodhani. Ambaye simwelewi ni yule mwenye miradi tisa ambayo hakuna hata mmoja uliovuka hatua ya kukusanya data.

Kuna uzushi wa pili unaotembea pamoja na huo: kwamba tangu tarehe 26 Januari 2022, Step 1 ilipoacha kutoa alama na kubaki na kufaulu au kufeli, mtihani umekuwa wa kupita tu, basi nguvu zote ziende kwenye makala. Lakini mwezi huohuo alama ya chini ya kufaulu ilipandishwa kutoka 194 hadi 196, na mwaka huo asilimia ya wanaofaulu mara ya kwanza ikashuka. Ukifeli, kufeli kunabaki kwenye rekodi yako hata ukirudia ukafaulu, na tangu 2021 hakuna anayeruhusiwa zaidi ya majaribio manne kwa kila hatua. Makala haiji kufunika hilo. Tena alama hazijatoweka, zimehamia Step 2 CK, mtihani unaofuata wa maarifa ya kutibu wagonjwa, nao unasimama juu ya fiziolojia na patholojia hiihii unayotaka kuiruka. Anayeipita Step 1 kwa ncha ya vidole huja kulipa deni huko.

Na huyo muuza majina. Hapa sina subira. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, imeweka masharti manne ya kuitwa mwandishi: uwe umechangia kwa kiasi kikubwa kuubuni utafiti au kupata na kuchambua data, uwe umeandika au kuhakiki maandishi, uwe umeidhinisha nakala ya mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne, si mojawapo. Unayenunua jina hutimizi hata moja, ila sharti la kuwajibika litakufuata upende usipende. Wanaouza si wasomi wenye huruma waliobakiza nafasi. Wengi ni viwanda vya makala: data za kubuni, picha za maabara zilizonakiliwa, waandishi wasiowahi kuonana. Mwaka 2023 majarida ya Hindawi, chini ya Wiley, yaliondoa makala zaidi ya 8,000 kwa sababu za namna hii.

Mbele yake kidogo wako ndugu zao wanaouza “maswali yaliyokumbukwa” ya mtihani. Januari 2024 waendeshaji wa USMLE walifuta matokeo ya watahiniwa waliohusishwa na Nepal baada ya kuona mwenendo wa majibu usio wa kawaida. Watu walikuwa tayari na vyeti mkononi.

Nimekaa upande wa wanaosaili waombaji wa rezidensi. Swali huwa moja tu, la upole: tueleze ulichagua vipi wagonjwa wa utafiti huu wa tatu kwenye orodha yako. Aliyefanya kazi huongea mpaka tumkatize, hata kuhusu mafaili yaliyopotea. Aliyenunua hukimbilia hitimisho, na tukimrudisha kwenye mbinu hunyamaza. Hata akipenya usaili, makala ikija kuondolewa haifutwi PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya orodha za makala za tiba. Inabaki imepigwa chapa ya kuondolewa, na orodha ya waandishi iko palepale kwa yeyote atakayelitafuta jina lake akiwa bingwa.